Charkha au gurudumu la miguu?

Kwa kusokota uzi wa pamba, mimi nachagua charkha, gurudumu la kusokotea la Kihindi linalozungushwa kwa mkono. Nyuzinyuzi za pamba ni fupi, zinataka msokoto mwingi, na kijiti cha charkha huzunguka mara nyingi kwa kila mzunguko wa gurudumu. Unakaa mkekani barazani, mkono mmoja unazungusha, mwingine unavuta.

Gurudumu la miguu, linaloendeshwa kwa kukanyaga, huacha mikono yote huru, na kwa sufu ni zuri mno. Ila la uwiano wa 6 kwa 1, yaani uzi husokotwa mara 6 kwa kila mzunguko wa gurudumu, litakuchosha kwa pamba; tafuta la 15 kwa 1 au zaidi. Kisha legeza kidogo kidogo breki ya bobini, kigurudumu kinachokusanya uzi: uzi ukivutwa kabla haujapata msokoto wa kutosha, unakatikia vidoleni. Uzi ukijikunjakunja, kaza breki kidogo. Na kwa upepo wa chumvi hapa Lamu, vyuma vitie mafuta ya cherehani kila mara.