Phyphox kwenye bembea za Idi: programu ya bure iliyowaingiza wapwa zangu kwenye fizikia bila kujua

Mwakeye wana Kigoma, na nyie wengine popote mlipo, karibuni tena hapa mwisho wa reli. Leo sina simu mpya, sina spika, wala ile feni ya kuchaji mnayoniulizia kila siku. Leo nachambua programu. Naichambua nikiwa na furaha, halafu katikati nitapandisha hasira kidogo, mnivumilie.

Inaitwa phyphox. P, h, y, p, h, o, x. Wameitengeneza Chuo Kikuu cha RWTH Aachen kule Ujerumani, ipo tangu 2016, ni bure, haina matangazo, Android sawa, iPhone sawa. Habari za kupakua siwaelezi, humu hakuna mtoto. Kazi yake ni kukufungulia vipimo vilivyomo tayari ndani ya simu yako: kinachojua simu imelala au imesimama, cha kuzunguka, cha sumaku, cha mwanga, maikrofoni. Vyote hivyo ulishavilipia dukani, ila mwaka mzima unavitumia kugeuza video ilale upande tu.

Marekani wana kitu wanaita siku ya fizikia, kwenye viwanja vikubwa vya burudani kama vya Six Flags. Wanafunzi wanapanda rola-kosta, ile treni ya burudani inayopanda na kuporomoka kwa kasi kwenye reli za juu, wakishuka wanapiga hesabu. Sisi rola-kosta hatuna. Tuna bembea za sikukuu pale Ujiji, treni ya watoto inayozungushwa na jenereta, bisi, ubuyu na vumbi. Inatosha kabisa.

Angalia hapa kwenye kioo. Nimechagua mchapuko, yaani kasi inavyobadilika, ule wenye g, uvutano wa dunia ukiwemo. Simu iko mezani, sijaigusa, na inasoma 9.8, hizo ni mita kwa sekunde mraba. Mpwa wangu wa darasa la sita alipoiona akasema, "Anko, simu yako mbovu hii, haijaenda popote na inahesabu." Nikamwambia labda, tuipeleke kwenye bembea tuone kama itapona. Sikumwambia kwamba ile 9.8 ni meza inavyoizuia simu isianguke. Ukishataja neno uvutano mbele ya mtoto aliyevaa nguo mpya za Idi, umempoteza.

Sasa hiki ndicho kilichonifanya niwashe kamera. Bonyeza nukta tatu pale juu, ruhusu simu nyingine ione. Washa hotspot kwenye simu moja, nyingine iunganishe. Chini ya kioo inatokea anwani, unaiandika kwenye kivinjari cha simu ya pili, basi. Grafu yote inahamia mkononi mwako, moja kwa moja, mtoto akiwa hewani. Na haili bando! Hata MB moja. Simu mbili zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Wadau, nimeshapoteza bando kwenye programu za ajabu ajabu, hii imenipa raha.

Tena unaanzisha na kusimamisha kipimo ukiwa pembeni. Ni muhimu, maana simu ikiwa mfukoni nguo inagusa kioo inabonyeza vitu. Mimi niliitia kwenye kimkoba cha kiunoni, nikafunga zipu, juu yake nikazungusha mtandio wa mama yao na kifundo cha maana. Mtoto asishike simu mkononi akiwa kwenye bembea, hata akilia.

Haya, grafu hii hapa, nilirekodi kioo. Mwanzo mstari umetulia kwenye 9.8. Anaanza kusukumwa, unaona? Unapanda, unashuka, unapanda. Akishakolea unagonga 15, unarudi mpaka 7. Nikawauliza, ile 15 ni bembea ikiwa wapi? Wote wakajibu kwa mpigo: juu, kule kunakotisha. Nikasema sawa. Mmoja akakaa na simu, kazi yake kupiga kelele "sasa!" kila mstari unapofika kileleni. Mwingine anaangalia bembea tu. "Sasa!" Bembea iko chini. "Sasa!" Chini tena. Wakagombana, wakabadilishana zamu, wakamwita dada yao mkubwa aamue. Chini!

Na ndivyo ilivyo. Pale chini mnyororo unabeba uzito wa mtoto na hapo hapo unampindisha aanze kupanda, kwa hiyo kiti kinamsukuma zaidi. Kule juu kiti kinampunguzia, ndiyo maana tumbo linapanda. Halafu tazama jambo jingine: kwenda na kurudi mara moja kunatoa vilele viwili, kwa sababu anapita chini mara mbili. Hilo aliligundua mdogo wao mwenyewe, mimi nilikuwa nanunua maji.

Tukaja kwenye dau. Nani atakwenda na kurudi haraka, huyu wa darasa la sita mwenye mwili wake, au huyu wa chekechea? Anayeshindwa ananunua bisi. Phyphox ina sehemu ya pendulamu, yaani kitu kinachoning'inia na kuyumba kama bembea, inakupa muda wenyewe. Wote wawili sekunde 3 hivi. Uzito hauna neno, cha kuangalia ni urefu wa mnyororo, na ule ni mita 2 na kidogo. Ila wasukume kwa kimo kimoja, maana akirushwa juu sana muda unaongezeka kidogo na hapo ugomvi haumaliziki. Bisi nilinunua mimi, kama mnavyojua wajomba tulivyo.

Na hapo ndipo hasira ilipo. Ile pendulamu inategemea kipimo cha kuzunguka, jairoskopu, na simu nyingi za bei ya chini hazina. Dada yangu alinunua simu juzi, muuzaji, simtaji, akamwapia kwamba ina kila kitu. Tukafungua phyphox: hakuna jairoskopu. Kwa hiyo nawaambia, hii programu ndiyo mkaguzi wako. Ukiwa dukani, kabla hujatoa hela, iweke kwenye simu unayotaka kununua, fungua vipimo kimoja kimoja. Muuzaji akinuna, nenda duka la pili. Kama umeshanunua, usilie, rudi kwenye mchapuko, pima sekunde kati ya kilele na kilele, zidisha mara mbili, jibu ni lile lile.

Kuna waliozoea Physics Toolbox, programu nyingine ya aina hii. Ni nzuri, ina mpaka sehemu ya rola-kosta, lakini mimi inanijazia macho. Na ile Science Journal iliyokuwa ya Google ilihamia kwa Arduino 2020, wapo wanaoipenda. Kwa mabembea nabaki na hii.

Kwa mtoto ambaye hajaanza shule siishauri sana, atabonyeza tu. Ingawa kuna kipimo cha makofi humo ndani, yule wa chekechea alikishika akagoma kukirudisha, kwa hiyo sijui, mpeni tu.

Ngoja nimalizie na kilichonishangaza. Pale uwanjani kulikuwa na bembea mbili, moja inateleza, nyingine inalia kwi, kwi, kwi. Tukaacha kusukuma, tukaangalia grafu inavyopungua. Inayolia ilikufa upesi, mstari ukarudi 9.8 mapema. Wakauliza nguvu yote waliyosukuma imekwenda wapi. Nikawaambia muulizeni mzee mwenye bembea. Mzee akacheka, akachukua grisi, akapaka pale juu kwenye pete, akasema sukumeni tena. Mstari ukakaa muda mrefu zaidi na kelele zikapungua. Ile kelele na joto la chuma kusuguana ndiko nguvu ilikokuwa ikivujia, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Upepo nao unakula kidogo, huo haupakwi grisi.

Sasa huyu wa darasa la sita akageuka, akaiangalia treni. Jenereta linanguruma, treni inazunguka, ndani hakuna hata mtoto mmoja. "Anko, na ile petroli sasa hivi inakwenda wapi?" Sikuwa nimemfundisha hilo! Sisi tuliokulia Kigoma ya majenereta ya dizeli, kabla ya Gridi ya Taifa kufika, tulikuwa tunauliza umeme unakatika saa ngapi, basi. Yeye akaenda kwa jamaa wa treni kumuuliza kwa nini asizime mpaka watoto wapatikane. Jamaa akamwambia aje na wenzake basi. Tukapimia na sauti, kwa maikrofoni: ukisogea mbali na jenereta namba inashuka. Ile namba yenyewe usiinukuu popote kabla hujaisawazisha na kipimo kingine, ila kulinganisha hapa na pale inafaa.

Bei: programu bure. Bembea jero, treni buku. Mnaopanga kuwapeleka watoto Dar kwenye mateleza ya maji Kunduchi, safari ya reli kama kilomita 1,250, simu iacheni kwenye begi, msiniletee kesi ya simu iliyolowa.

Gonga kengele kama bado. Nataka kujua kwenu ikoje, hasa watu wa Tabora mnaojigamba kwa kila kitu. Pima mnyororo wa bembea yako kuanzia pale unaponing'inia mpaka kwenye kiti, pima na sekunde za kwenda na kurudi, andika hapo chini. Usinidanganye, nitakukamata. Mnyororo wa mita 1 unatoa sekunde 2, hautoi 3 hata ungekuwa Tabora.