Espreso na late nyumbani Kigoma: kipi ununue kwanza, kipi uache dukani

Mkoa wa Kigoma unalima arabika nzuri. Kahawa ya Kalinzi na vijiji vya jirani, kule milimani, husafiri mpaka ng'ambo, na huku mjini wengi wetu tunakoroga ya kopo. Sasa kila anayetaka kuachana na kopo huuliza swali moja: ninunue mashine gani ya espreso? Jibu langu huwaudhi wengi. Nunua kwanza mashine ya kusagia.

Espreso ni maji ya nyuzi 90 hadi 96 yanayosukumwa kwa presha ya karibu baa 9 katikati ya unga laini ulioshindiliwa. Gramu 18 za unga hutoa takriban gramu 36 za kinywaji ndani ya sekunde 25 hadi 30. Unga wenye chenga na vumbi pamoja unaharibu hesabu yote: maji yanapita mbio penye chenga, yanakwama penye vumbi, na kikombe kinatoka kichachu na kichungu kwa wakati mmoja. Kinu na mchi vinafaa kwa kahawa ya dele, maana ile inachemka na machicha yanatulia chini. Kwa espreso havifai, na blenda ya visu haifai pia kwa sababu inakatakata tu. Tafuta ya kuzungusha kwa mkono, yenye meno ya chuma, inayobadilisha ulaini wa unga kidogo kidogo. Kabla hujalipa, shika mhimili wake uutikise. Ukicheza, irudishe kwenye rafu.

Baada ya hapo ndipo tupange vyombo vya kupikia.

Nafasi ya kwanza: birika la moka. Lilibuniwa Italia mwaka 1933 na Bialetti, na mpaka leo halijabadilika sana. Maji yako chini, unga katikati, kahawa inapanda juu. Kusema kweli siyo espreso kamili, kwa kuwa presha yake ni baa 1 hadi 2 tu. Lakini kahawa yake ni nzito kiasi cha kusimama mbele ya maziwa, na kwa anayetaka late, yaani espreso yenye maziwa mengi, hilo ndilo la maana. Linakaa kwenye gesi, linakaa kwenye mkaa, halijui umeme umekatika au upo. La Bialetti lenyewe la vikombe vitatu huuzwa nje kwa kama dola 40, na ya Kichina ni rahisi zaidi. "Kikombe" hapo ni kile kidogo cha espreso: vikombe vitatu ni late moja kubwa au mbili ndogo. Usinunue la vikombe tisa eti wageni watakuja, kwa sababu moka haipikwi nusu. Na kama jiko lako ni la induksheni, lile la umeme linalopasha chombo kwa sumaku, la alumini halitapata moto. Chukua la chuma kisichoshika kutu linalonasa sumaku.

Lipike hivi. Jaza maji ya moto mpaka chini ya kile kivalvu cha pembeni, weka unga bila kuushindilia, acha mfuniko wazi, moto mdogo. Kahawa itaanza kutoka nyeusi kama asali ya mwituni, kisha itageuka kahawia. Ikianza kukoroma na kutema povu jeupe, epua hapo hapo na ukalishe kitako chake kwenye kitambaa kilicholowa maji. Ukisubiri imalize kukoroma, utakunywa uchungu wa masizi. Jambo la mwisho, nunua mipira ya kuzibia miwili ya akiba siku hiyo hiyo. Mpira ukichoka, mvuke unatokea ubavuni na kahawa haipandi.

Nafasi ya pili: mashine ya mkono ya wenzo. Flair na ROK ndiyo majina yanayojulikana. Unachemsha maji pembeni, unamimina, unakandamiza kwa nguvu za mikono yako mwenyewe, na espreso inayotoka ni ya kweli, yenye krema juu, lile povu la rangi ya dhahabu. Haina waya, haina pampu, haina kitu cha kuungua. Kwa anayekunywa espreso tupu, bila maziwa, hii ingekuwa ya kwanza. Nimeishusha kwa sababu ya bei, ambayo ni mara kadhaa ya moka, na kwa sababu bila mashine nzuri ya kusagia ni pambo la kabati.

Nafasi ya tatu: AeroPress. Bomba la plastiki unalolisukuma kwa mkono kahawa ipite kwenye chujio, lilitoka mwaka 2005, halivunjiki ovyo, linaoshwa kwa dakika moja. Kahawa yake ni safi na laini, ila kwa late inapwaya kidogo. Agiza na chujio la chuma ili usitegemee karatasi za kuagiza. Mwanafunzi wa hosteli, nunua hii.

Nafasi ya nne: mashine ya umeme yenye pampu. Hizi ndizo za kina De'Longhi, zenye maandishi makubwa "15 bar". Namba hiyo ni nguvu ya juu ya pampu, siyo ubora wa kikombe, maana espreso inataka 9. Nyingi huja na kikapu cha kuwekea unga chenye matundu maalumu, kinachotengeneza povu hata kwa unga mbovu. Linapendeza machoni, ladha haipo. Mashine yenyewe siyo mbaya, na mrija wake wa mvuke ni raha kwa maziwa. Shida ni kuitunza ukiwa Kigoma. Umeme ukipanda na kushuka unaweza kuua kibao chake cha ndani, basi iweke kwenye kilinda umeme kama kile cha friji. Ikiharibika, kipuri kinatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200. Maji nayo: ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi, ndiyo yale magamba meupe ndani ya birika lako la umeme. Magamba hayo hayo yanaziba njia za mashine. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa, au isafishe kila mwezi kwa unga wa asidi ya sitriki. Na ndugu akikuletea kutoka Marekani, soma kibandiko cha nyuma. Za kule ni volti 120, za kwetu ni 230, ukichomeka tu imekwisha.

Ya mwisho: zile ndogo za mvuke bila pampu. Zinafanana na mashine ya kweli, zinauzwa rahisi, na zinafanya kazi ile ile ya moka kwa kutumia umeme. Mashine za vidonge, yaani vikopo vidogo vilivyofungwa vyenye kahawa iliyosagwa, sizipangi kabisa. Vidonge vikiisha utavipata wapi, Mwanga sokoni?

Povu la maziwa halihitaji mashine. Nunua birika la kioo lenye chujio la kusukuma, lile la kahawa ya Kifaransa, na ulitumie kwa maziwa peke yake. Pasha maziwa mpaka nyuzi 60 hadi 65, yaani sufuria inaanza kuchoma kiganja lakini maziwa hayajachemka. Yakiwa ya ng'ombe wa jirani yaliyokwisha kuchemshwa, toa utandu kwanza. Jaza theluthi moja, piga haraka juu chini kama mara ishirini, gonga kitako mezani mapovu makubwa yapasuke.

Sirapu za chupa za kuagizwa ni ghali na nyingi ni sukari na harufu. Chemsha kikombe cha sukari na kikombe cha maji na iliki nane zilizopondwa, chuja, weka kwenye friji. Ya tangawizi ichemshe vizuri kabla haijakutana na maziwa, maana tangawizi mbichi huyakatisha. Ila kwangu mimi late bora ya huku ni ya asali ya Tabora, ile nyeusi ya misitu ya miombo: kijiko kimoja, kikorogwe kwenye kahawa ikiwa bado ya moto, maziwa yafuate.

Ukiuziwa mashine ya umeme iliyotumika, mwambie muuzaji aichomeke na kuiwasha mbele yako, apitishe maji vikombe viwili na kufungua mvuke. Akisema haina tatizo ila hapa hakuna soketi, ondoka.