Sitaha ya mtiki kwa gundi ya epoksi: uzoefu wangu na boti ya futi 16

Boti yangu ya mbao naiweka Sahare, hapa Tanga. Siku za kazi tunavulia, Jumapili nawapeleka wageni Kisiwa cha Toten. Sitaha ya mbele, yaani sakafu ya juu ya boti, ilikuwa ya mbao za mvule, imepigwa misumari na kukalafatiwa, yaani kuzibwa nafasi zake, kwa pamba, na kila masika maji yalipita kwenye matundu ya misumari hadi majaketi okozi yakaota ukungu. Januari mwaka huu nikaifumua yote. Nikaweka plaiwudi, juu yake papi (vipande virefu vyembamba) za mtiki, zote kwa gundi, bila msumari hata mmoja.

Fundi wangu ni mzee aliyeanza kujenga vyombo kabla sijazaliwa. Nilipomwonyesha makopo mawili ya epoksi, moja la gundi yenyewe na moja la kigumishi cha kuigandisha, alicheka. "Mwanangu, hii si gundi ya viatu? Ikibanduka usinijie." Nikamwambia, "Haya, Babu, lawama yangu."

Mtiki haukunisumbua kuupata, maana shamba la Longuza liko hapo Muheza. Tulipasua papi za upana wa sentimita 4, unene milimita 6. Usizidishe hapo. Papi nene ikivimba na kusinyaa ina nguvu ya kuing'oa gundi, nyembamba inatii. Jamaa wa mashine ya kuranda alilalamika siku nzima, kwa sababu mtiki una silika ndani yake, ni kama kuranda mchanga, na visu vinaisha makali upesi. Plaiwudi nayo iwe ya baharini kweli. Yale mabodi ya kumwagia zege, yenye ngozi ya kung'aa, yanaitwa "marini" madukani, lakini gundi haishiki kwenye ile ngozi.

Sasa makosa yangu. La kwanza lilikuwa joto. Nilinunua kigumishi cha haraka, nikachanganya nusu lita kwenye kopo la plastiki saa nne asubuhi, jua la kaskazi limeshawaka. Sijamaliza hata papi ya tatu, kopo likaanza kuunguza kiganja. Nikaliweka chini. Likafuka moshi, kitako kikayeyuka, na gundi yote ikawa jiwe na brashi yangu ndani. Epoksi hutoa joto inapoganda. Ikirundikana kwenye kopo joto halina pa kutokea, nalo linazidi kuiharakisha. Niliporudi dukani nilichukua kigumishi cha polepole. Tukawa tunachanganya kiasi cha kikombe cha chai, tunamwaga kwenye sinia itandae, tunafanya kazi chini ya turubai kuanzia alfajiri mpaka saa mbili. Ila usipunguze kigumishi ili gundi ichelewe. Uwiano wa kopo ni uwiano wa kopo; ukiuchezea, itabaki inanata milele.

Kosa la pili liliniuma zaidi. Mtiki una mafuta. Nilisoma kwamba lazima ufutwe kwa asetoni, ile ile ya kuondolea rangi ya kucha, nikafuta papi zote jioni, nikabandika kesho yake. Siku ya tatu Babu akaingiza ncha ya patasi chini ya papi moja, ikainuka kama ganda la ndizi. Gundi yote imebaki kwenye plaiwudi, tumbo la papi kavu, safi kama sahani iliyooshwa. Aliishika, akanitazama, hakusema neno. Mafuta yalikuwa yamerudi juu usiku. Tukabandua zote kumi na moja. Safari ya pili tulipiga msasa namba 80, tukafuta, tukageuza kitambaa kila papi, tukangoja ikauke dakika chache, tukabandika hapo hapo. Hizo hazijatikisika.

Kuzibana tulitumia skrubu zenye washa (vile vibati vya duara vyenye tundu katikati), zimepakwa nta ya mshumaa, zikasimama kwenye nafasi kati ya papi na papi. Kesho yake tulizichomoa, tukaziba matundu, tukajaza nafasi zote epoksi iliyochanganywa na unga wa silika na grafaiti nyeusi. Kupiga msasa hapo ni uchafu mtupu, mtu unatoka kama muuza mkaa. Ukishaosha, mistari inakaa kama wanja. Na vaa glavu tangu mwanzo. Mimi niliwashwa viwiko wiki mbili.

Masika imepita juu yake. Chini pakavu, majaketi hayanuki tena. Gharama imezidi ya sitaha ya misumari kwa mbali, na papi ikiumia haichomolewi, unaichonga kwa patasi vipande vipande.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya saa sita mchana: hiyo mistari myeusi inashika moto, na wageni wangu waliovua viatu wanarukaruka mpaka mtu amwage ndoo ya maji.