Vituo vya kufuatilia vya KVM: nyota nne, na sababu zake

Kama hujawahi kuendesha mashine pepe ndani ya mashine pepe nyingine, mapitio haya hayakuhusu. Sisi tuna seva ya AMD ya maabara, na wanafunzi wanaandikia humo haipavaiza (programu za kuendesha mashine pepe) zao wenyewe, kila mmoja ndani ya mashine yake pepe. Kwa kazi hiyo, vituo vya kufuatilia (tracepoints, yaani sehemu za kodi zinazoandika kumbukumbu ya kinachotokea) vilivyomo kwenye kodi ya KVM, haipavaiza iliyo ndani ya kerneli ya Linux, havina mpinzani.

Juzi kijana mmoja alikwama. Kila akiita VMRUN, amri ya AMD ya kumwingiza mgeni (mashine pepe), anarudishiwa VMEXIT_INVALID, yaani -1, na hakuna zaidi. Masharti ya kuingia ni kibao, ukivunja lolote jibu ni lile lile. Nikaingia kwenye seva yenyewe, L0, nikatumia trace-cmd, programu ya kurekodi vituo hivyo, nikaandika:

trace-cmd record -e kvm:kvm_nested_vmenter_failed

Akaendesha tena, nikafungua ripoti kwa trace-cmd report. Imeandikwa: control->asid == 0. ASID ni namba inayotenganisha kumbukumbu za anwani za kila mashine; 0 ni ya mwenyeji, mgeni haruhusiwi kuitumia. Raha yenyewe ni kwamba maneno hayo ni sharti la C kama lilivyo kwenye kodi, makro ndiyo inayoligeuza kuwa maandishi. Unalitafuta kwa grep kwenye svm/nested.c, unafika mlangoni.

Vya kwanza vya mashine pepe ndani ya mashine pepe (nested) viliongezwa 2009 na Joerg Roedel, wakati huo akiwa AMD. Ninavyovipenda zaidi ni viwili: kvm_nested_vmexit na kvm_nested_vmexit_inject. Chukulia L0 ni mwenye nyumba, L1 (mashine pepe ya mwanafunzi) mpangaji, L2 (mashine pepe iliyo ndani yake) aliyepangishwa na mpangaji. Cha kwanza kinaandika kila L2 anapobisha hodi kwa mwenye nyumba, cha pili kinaandika pale tu mwenye nyumba anaposema, “Nenda kamwone aliyekupangisha.” Ukiona kila mstari wa kwanza unafuatwa na wa pili, umeshajua kwa nini mashine ya ndani inajikokota: L1 anasumbuliwa kwa kila kitu, na yeye akishughulika anaizalishia L0 kazi nyingine.

Vikizimwa havina gharama ya kuhesabika, maana mahali pake panabaki nop, amri isiyofanya kitu. Ila ukiwasha kvm:* yote kwa pupa, bafa inafurika na ripoti inajaa “EVENTS DROPPED”. Washa unachokihitaji tu.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya majina. kvm_nested_vmrun ikaja kuitwa kvm_nested_vmenter, hivyo skripti ya zamani kwenye kerneli mpya inaambulia patupu. Kweli, badiliko lenyewe liliwafaa watu wa Intel, kwani awali kituo hicho kilikuwa cha AMD pekee. Lakini jamani!

Bei ni bure, sudo apt install trace-cmd inatosha. Unahitaji root kwenye L0, kwa hiyo kama mashine yako umeikodi kwenye wingu, wewe ni L1, na haya yote anayaona mwenye seva.