Karatasi ya ramani utakayoskani: nunua ipi, uache ipi

Malalamiko ninayopokea kutoka kwa wasanifu majengo na wapima ardhi wa Dar es Salaam yanafanana: ramani ilichapwa kwa kipimo sahihi, ikakaa ofisini, ikapitishwa kwenye skana ya A0 (saizi kubwa ya karatasi za michoro), na faili lililotoka halilingani na la awali. Skana ndiyo hulaumiwa. Mimi nasema tazameni karatasi kwanza.

Weupe na ulaini sitavigusa, kila muuzaji anavihubiri. Kinachosahauliwa ni unyevu. Nyuzi za karatasi hunyonya unyevu wa hewa na kuvimba, na huvimba kwa unene kuliko kwa urefu. Kwenye roli nyuzi nyingi zimelala kufuata urefu wake, kwa hiyo ramani hutanuka zaidi kwa upana. Hapo ndipo penye balaa: haitanuki sawa pande zote, hivyo kuikuza au kuipunguza kwenye kompyuta kwa asilimia moja ileile hakusaidii. Chukua upana wa A0, milimita 841. Ukiongezeka kwa asilimia 0.2 tu, ni kama milimita 1.7. Kwenye ramani ya viwanja ya 1:2500, hizo ni zaidi ya mita 4 ardhini. Watu hufikishana baraza la ardhi kwa chini ya hapo.

Ya kwanza kwangu, bila ushindani, ni filamu ya poliesta, ile ambayo wengi huiita Mylar. Unyevu wa Pwani hauiyumbishi. Chagua isiyong'aa pande zote mbili, kwa sababu mng'ao hurudisha mwanga wa skana na kuacha mabaka kwenye picha. Hakikisha pia imepakwa tabaka la kupokea wino wa plota yako (printa ya kuchapa ramani kubwa), la sivyo wino utafutika kwa kidole. Ni ghali, ndiyo. Kwa ramani ya mipaka sioni mbadala.

Ya pili ni HP Bright White ya gramu 90 kwa mita ya mraba, na ninaipendelea waziwazi. Nayo ni karatasi, itatanuka, lakini mistari yake hutoka mikali na haionyeshi kilicho nyuma. Kwa michoro ya nyumba ambayo vipimo vimeandikwa kwa tarakimu, inatosha kabisa. Iskani mapema, kabla haijakaa wiki karibu na dirisha.

Tresingi, karatasi ya kunakilia inayopitisha mwanga, naiweka ya tatu kwa shingo upande. Hewa yenye unyevu huifanya mawimbi, na skana za CIS, zile ambazo vihisi vyake hukaa karibu kabisa na kioo, huona vizuri kilichogusa kioo tu. Wimbi likiinuka, mstari unafifia. Skana zenye kamera za CCD, zinazoona kupitia lenzi, huvumilia zaidi.

Gramu 80 zisizo na jina: za kupeleka saiti, basi.

Sasa wauzaji. Roli imetolewa kwenye mfuko wake, imesimamishwa barazani msimu mzima wa masika, halafu unatajiwa bei ya roli mpya! Kataa. Na akikuambia ni gramu 90, mwombe mzani: A0 ni mita moja ya mraba, kwa hiyo shiti moja kamili lazima liwe na uzito wa gramu 90 hivi. Likisoma 75, hujauziwa ulichoomba, na una haki ya kudai pesa yako palepale kaunta.