Kozi ya mtandaoni ya misimbo ya magonjwa na madai ya bima: uzoefu wangu nikiwa Chake Chake

Watu kadhaa wa hapa Chake wameniuliza kama kozi hii ya misimbo (herufi na tarakimu zinazoandikwa badala ya jina la ugonjwa au huduma) inafaa kulipiwa, kwa hiyo naandika mara moja tuishe. Nusu ya kwanza imenisaidia kazini kuliko mafunzo yoyote niliyowahi kupata. Nusu ya pili haina kazi Pemba wala Unguja, na wakala anayeiuza hakwambii nusu ipi ni ipi.

Mimi ni karani wa mapokezi katika zahanati ya binafsi. Zamani mgonjwa alilipa taslimu, nikamkatia risiti, tukaagana. Mambo yamebadilika tangu Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar uundwe kwa sheria ya mwaka 2023 na wenye kadi waanze kuja, mbali na wale wa bima za kampuni. Kila mgonjwa wa kadi ana fomu, namba ya uanachama, ugonjwa, vipimo, dawa, saini yake na ya daktari. Kimoja kikikosekana dai linarudi, na dawa mgonjwa keshazimeza. Ndiyo maana nililipa laki nne na nusu, kwa mafungu mawili, kupitia wakala wa Unguja mjini. Chuo chenyewe kiko nje ya nchi. Masomo ni video za Kiingereza, na kuna kundi la WhatsApp la kuulizana. Bando nilijinunulia mwenyewe, na umeme ukikatika usiku ndiyo basi mpaka kesho.

Kizuri zaidi ni anatomia. Nilidhani nitachoka nayo, kumbe ndiyo iliyonifungua macho. Daktari wetu akiandika alama ya reli, ile #, maana yake ni mfupa kuvunjika. Lakini mfupa gani, upande upi, juu au chini? Bila kujua hayo, karani ananakili tu.

Halafu kuna kanuni moja ambayo mwalimu wa video aliirudia hadi nikaiota: anzia kwenye faharasa, yaani majina ya magonjwa yaliyopangwa kwa alfabeti, lakini usiandike msimbo kutoka kwenye faharasa. Ukishaupata, nenda kauhakiki kwenye orodha kuu, usome na maelezo yaliyo chini yake, kwani mara nyingi pale ndipo pameandikwa kwamba ugonjwa fulani hauhesabiwi humu, uende kwingine. Ni kanuni ndogo, ila imepunguza sana makaratasi yanayorudi mezani kwangu.

Nitoe mfano wa kwetu. Msimu wa karafuu aliletwa kijana kutoka upande wa Mtambile, kaanguka mkarafuuni, mkono wa kulia umevimba. Picha ikaonesha mfupa wa kigasha, ule wa upande wa kidole gumba, umevunjika karibu na kiganja, yaani pale unapovaa saa. Zamani ningeandika "mkono umevunjika". Sasa najua ni S52.5, na kwamba sababu ya jeraha nayo ina msimbo wake: W14, kuanguka kutoka mtini. Ukiongeza tarakimu ya mahali, shamba ni 7, inakuwa W14.7. Nilifurahi, nikawaonesha wenzangu wote. Orodha hii, inayoitwa ICD-10, imetungwa huko Shirika la Afya Duniani, lakini mchumaji wa karafuu wa Pemba ana nafasi yake humo.

Basi jeraha hilohilo, kwenye mtihani wa kozi, jibu sahihi ni S52.501A na W14.XXXA. Hapa ndipo penye tatizo, na ndilo nilitaka watu walijue kabla hawajatoa pesa. Kinachofundishwa ni toleo la Marekani. Wamarekani walichukua ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, yenye misimbo kama 14,000, wakaipanua mpaka ikafika kama 70,000, wakaanza kuitumia tarehe 1 Oktoba 2015. Ile A ya mwisho inaeleza kwamba jeraha bado liko kwenye matibabu ya mwanzo, na zile X zinajaza nafasi tu. Nilimwonesha mama mmoja mstaafu aliyehakiki madai kwa miaka mingi. Akavaa miwani, akasoma, akacheka: "Mwanangu, hizi eksi zote unampelekea nani?"

Nusu ya pili ni CPT, misimbo ya huduma anazotoa daktari. Ina tarakimu tano, ni mali ya Chama cha Madaktari cha Marekani, ilitoka mara ya kwanza 1966. Tulikaa nayo wiki kwa wiki: 99213 ni mgonjwa wa zamani kumwona daktari kliniki, 99214 ni vilevile lakini shauri ni zito zaidi. Huku kwetu bei ya huduma inatoka kwenye orodha ya bei ya mfuko au kampuni husika, na sijamwona aliyeniomba CPT. Tena kitabu hicho hubadilishwa kila Januari, na nakala tuliyogawiwa sisi ilikuwa ya miaka iliyopita. Nilipouliza kwenye kundi, msimamizi alijibu kwa kidole gumba. Sijui kidole kile kilikuwa na maana gani.

Wakala alikuwa na maneno yake: "Dada, utakaa Machomane kwako unaingiza dola." Haya, tuyapime. Mtihani unaotambulika wa AAPC, chama cha waandika misimbo cha Marekani, una maswali 100 kwa saa nne, na unatakiwa upate asilimia 70. Ada yake ni juu yako, haimo kwenye kozi. Ukifaulu bila uzoefu wa kazi unapewa cheti chenye herufi A mwishoni, yaani bado mwanagenzi, mpaka uthibitishe uzoefu. Na kazi hizo za mbali kampuni nyingi za Marekani zimezipeleka India na Ufilipino, kwa watu wenye miaka mingi mezani. Sisemi haiwezekani. Nasema wakala alipaswa kuyataja haya kabla ya kupokea fungu la kwanza.

Kilichokosekana kabisa kwenye kozi ni dai linarudi kwa nini hapa kwetu. Hilo nilifundishwa na yule mama kwa chai na maandazi, bure. Mtoto ana homa, kipimo cha malaria kimetoka hasi, daktari kwa mazoea kaandika malaria, karani kaweka B54, na dawa mseto zimo kwenye bili. Mhakiki anaona kipimo hasi na dawa ya malaria, anakata. Kama ni homa ambayo chanzo chake hakijajulikana, ni R50.9, na kama daktari ana sababu ya kutoa mseto, aiandike. Karani hana ruhusa ya kubuni ugonjwa ili dai lipite, ila ana haki ya kurudi mlangoni kwa daktari na kusema, "Daktari, samahani, hapa hapajakaa sawa." Wa kwetu mwanzo alinuna. Siku hizi ananiita mwenyewe.

Kwa anayetaka kuanza: ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani inasomeka mtandaoni bila malipo, na walitoa pia mafunzo ya kujifundisha mwenyewe. Anza huko uone kama kazi inakupendeza. Ukitaka kulipia chuo, waulize wanafundisha toleo la nani, na kama ICD-11, toleo linaloifuata ICD-10, imo, maana imeanza kutumika rasmi Januari 2022 na misimbo yake imebadilika sura. Malaria ya falsiparamu, iliyokuwa B50, humo ni 1F40. Kozi yangu haikuigusa.

Nyota tatu kati ya tano: mbili za anatomia, moja ya ile kanuni ya faharasa. Cheti bado sijakipata. Wakala anasema kimefika Dar es Salaam, kinasubiri mtu wa kuvuka nacho, nami nimeshamwambia boti zinavuka kila siku.