Masomo 20 ya udereva Mombasa: nilivyoyapima kwa dakika

Nilijiandikisha katika shule moja ya udereva hapa Mombasa mwezi wa Januari, nikiwa na umri wa miaka 41, kwa sababu mama yangu anaishi Ukunda na miguu yake haimruhusu tena kupanda matatu, na pikapu aliyoiacha marehemu baba ilikuwa imekaa uani mwaka mzima bila mtu wa kuiendesha. Nilimaliza mwezi wa Machi na nikafaulu mtihani wa barabarani mara ya kwanza. Shule yenyewe sitaitaja, kwa kuwa mambo ninayotaka kuyaeleza nimeyasikia pia kwa ndugu na wafanyakazi wenzangu waliosomea kwingine, na naona yanamhusu kila anayekaribia kulipa ada ya masomo haya. Kwa jumla nimeridhika, na kwa jambo moja naishukuru shule hiyo sana. Hata hivyo, nusu ya kwanza ya masomo yangu ilikaribia kupotea bure, na sikulitambua hilo mpaka nilipoanza kutazama saa.

Nililipa shilingi 14,000 kwa masomo 20 ya gari dogo pamoja na masomo ya darasani. Ada za serikali zilikuwa nje ya hesabu hiyo, na nilizilipa mwenyewe mtandaoni kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, yaani NTSA: kwanza leseni ya muda ya mwanafunzi, baadaye nafasi ya mtihani. Mhudumu wa mapokezi alinishauri nichukue otomatiki, akisema wanawake wengi wa rika langu huichagua na huimaliza mapema. Alinishauri kwa nia njema, lakini leseni ya daraja la B1 humfunga mtu kwenye gari la otomatiki pekee, na pikapu yetu ni ya gia za mkono. Nikachagua B2. Ningemsihi yeyote aamue jambo hili kwa kutazama gari lililopo nyumbani, asiamue kwa kutazama lililo jepesi kujifunzia.

Nianze na kile ambacho shule hii inakifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Kila aliyesomea udereva Kenya anaijua bodi: ubao mpana uliochorwa mji wa mfano, wenye barabara za njia mbili na za njia moja, mzunguko, makutano na maegesho, ambapo mtahiniwa husukuma kigari cha kuchezea huku akieleza anapita wapi na kwa nini. Bodi ya shule yetu ilikuwa na ukubwa wa mlango, imelazwa juu ya meza mbili, na rangi yake nyeusi ilikuwa imechujuka pale ambapo vidole vya wanafunzi vimepita zaidi, hasa kandokando ya mzunguko wa katikati. Kigari kilikuwa chekundu na gurudumu moja la mbele lilikuwa limeng'oka, kwa hiyo kilivutia upande wa kushoto kila ukikisukuma.

Mwalimu wa darasani alikuwa mzee aliyeendesha malori ya masafa marefu kabla ya kustaafu. Siku ya kwanza nilikishika kigari nikaanza kukisukuma kuelekea mzungukoni, naye akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu.

"Mama, usisukume bado. Nyuma yako kuna nani?"

Nikamjibu kwamba hakuna mtu. Akatoa kizibo cha soda mfukoni, akakiweka nyuma ya kigari changu, upande wa kushoto. "Huyu ni bodaboda. Sasa niambie tena."

Tangu siku hiyo vizibo viliongezeka. Kimoja kilikuwa tuktuk inayochomoka kituoni, kingine mtoto anayevuka kwenye zebra, na kikubwa cha chupa ya mafuta ya kupikia kilikuwa matatu iliyosimama vibaya. Hakuturuhusu kusogeza kigari hata inchi moja kabla ya kutamka tulichokiona kwenye vioo, ishara tutakayoitoa na safu tutakayoishika. Kuhusu mzunguko alirudia hivi kila siku: unawapisha wanaotoka kulia kwako, kwa kuwa sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara, ukitaka kutokea njia ya kwanza unashika safu ya kushoto tangu mbali, ukitaka kukunja kulia unaingia safu ya kulia, na hutoki humo kwa ghafla kwa sababu umeiona njia yako dakika ya mwisho. Ukipitwa na njia yako, unazunguka tena. Hakuna adhabu ya kuzunguka mara mbili, alisema, lakini kukata safu kuna majeruhi.

Aliieleza pia kasi kwa namna ambayo haijanitoka kichwani. Kikomo cha kasi mjini ni kilomita 50 kwa saa, na wengi wetu tuliiona kuwa ndogo. Akatutaka tugawanye wenyewe kwenye karatasi, tukapata kwamba gari lenye kasi hiyo husafiri karibu mita 14 kwa sekunde moja. Kisha akatuongoza nje, akahesabu hatua 14 ndefu kutoka mlangoni hadi ukutani, akasema huo ndio umbali unaokwenda wakati unaitazama simu yako kwa sekunde moja tu, kabla mguu haujafikiria breki. Wanafunzi wa darasa letu, wengi wao vijana, walinyamaza.

Alama za barabarani tulizisoma kwa siku mbili na sina mengi ya kueleza hapo. Umbo hukwambia nusu ya habari kabla hujasoma kilichoandikwa: pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya, duara lenye ukingo mwekundu linakataza, duara la buluu linaamrisha, pembetatu iliyopinduliwa inakutaka uwapishe wengine, na ile ya pembe nane inakusimamisha kabisa. Anayelielewa hilo hana haja ya kukariri kitabu kizima usiku wa mtihani.

Sasa nije kwenye lalamiko langu. Ratiba ilisema kila somo la barabarani ni la saa moja, lakini gari lilibeba wanafunzi wanne, mmoja kwenye usukani na watatu nyuma, na katikati ya somo mwalimu alisimama kumteremsha mtu mmoja na kumpakia mwingine. Masomo mawili ya mwanzo niliyavumilia, nikijiambia kwamba mgeni hana haraka. Kuanzia somo la tatu nikawa naandika kwenye daftari dogo saa niliyoshika usukani na saa niliyouachia, na yale mawili nikayakadiria kwa kadiri nilivyokumbuka. Dakika 11, kisha 9, kisha 14, siku moja ya msongamano dakika 7. Masomo manane yalipotimia nilijumlisha nikapata dakika 92, wakati kadi yangu ya masomo ilikuwa imepigwa muhuri mara nane kana kwamba nimeendesha saa 8.

Sisemi kwamba kukaa nyuma hakuna faida, kwani makosa ya mwenzako huyaona vizuri zaidi kuliko yako, na kijana aliyekuwa akisahau kuzima indiketa alinifunza mimi kuizima. Lakini mguu wa klachi haujifunzi kwa kutazama. Katika somo la nane injini ilinizimikia mara tano kwenye makutano mamoja, nyuma yangu honi zikilia, na nikarudi nyumbani nikiamini kwamba umri umenipita. Nilipofungua daftari usiku huo ndipo nilipoelewa kuwa sikuwa nimekosa akili ya kujifunza. Nilikuwa sijapewa muda wa kujifunza.

Asubuhi yake nilikwenda ofisini kwa msimamizi na kumwekea daftari mezani. "Dada, naomba unisaidie kuhesabu," nikamwambia. Alihesabu hadi mwisho, hakubisha, wala hakunipandishia sauti. Alinihamishia gari la saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lenye wanafunzi wawili badala ya wanne, na akaniongezea masomo mawili bila malipo. Saa zilizobaki katika hasara hiyo hazikurudi, na hapo ndipo alama yangu inaposhuka: naipa shule hii nne kati ya tano, nami ningeipa tano kamili kama ingempa kila mwanafunzi, bila kungoja daftari, kile nilichopewa mimi baada ya kulalamika.

Tofauti ilionekana ndani ya wiki moja. Asubuhi barabara ni tupu, na mwalimu wa gari hilo, kijana mpole wa umri wa kuweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, alinipeleka Tudor kwenye mteremko unaoshuka kuelekea mkono wa bahari, akanitaka nisimame katikati ya mwinuko na kuondoka bila gari kurudi nyuma. Mara ya kwanza lilirudi karibu hatua mbili kabla hajakanyaga breki ya upande wake. Akaniambia nifungue dirisha na niache kutazama miguu. "Sikiliza injini, mama. Itakwambia." Nikavuta breki ya mkono, nikatia gia ya kwanza, nikakanyaga mafuta kidogo, kisha nikainua mguu wa klachi taratibu sana, mpaka mngurumo ukageuka ukawa mzito na pua ya gari ikainuka kidogo, kama mtu anayetaka kusimama kutoka kwenye kiti. Akanizuia hapo hapo nihesabu hadi tano, mguu ukitetemeka, ndipo akaniruhusu kuachia breki ya mkono. Gari likasonga mbele. Tulilirudia zoezi hilo mara 18 asubuhi ile, na hilo peke yake lilikuwa na thamani kuliko masomo yangu manane ya kwanza.

Mzunguko wa Makupa niliupita kwa mara ya kwanza katika somo la kumi na tatu. Nilipokuwa nikijiandaa kutokea njia ya kushoto, tuktuk ilijipenyeza kati yangu na ukingo wa barabara, mahali palepale ambapo mzee wa bodi alipenda kuweka kizibo. Nilikuwa nimekwisha kuiona kiooni. Nikaipisha, nikaendelea, na mwalimu hakusema neno.

Siku ya mtihani tulifika mapema, tukaanza na bodi. Niliomba kujibu kwa Kiswahili na mtahini akakubali bila shida. Alinitaka nitoke kwenye barabara ya njia moja, nipite mzunguko na kwenda kuegesha, kisha akanionyesha alama nne nizieleze. Nilitamka kila kitu kabla ya kusukuma, kama nilivyozoeshwa. Kijana mmoja wa kundi letu, ambaye kwa kweli aliendesha vizuri kuliko sisi sote kwa sababu amekuwa akimsaidia mjomba wake kuosha na kuegesha magari tangu utotoni, alisukuma kigari kimya kimya hadi mwisho, akaambiwa arudi siku nyingine. Niliumia kwa ajili yake. Alikuwa akikwepa darasa la bodi akiamini ni mchezo wa watoto, na hakuna aliyemfuata kumweleza kwamba mtahini hawezi kuona macho yako yanatazama wapi. Anakijua ukionacho kwa kukisikia.

Barabarani niliendesha kwa muda usiozidi dakika sita. Mtahini alitazama kama nimefunga mkanda na kurekebisha vioo kabla ya kuwasha gari, akanisimamisha kwenye mwinuko, akanitaka niondoke, nikunje kulia kwenye makutano, kisha niegeshe. Dakika sita ni chache mno kuonyesha ujuzi, lakini zinatosha kabisa kuonyesha mazoea, na mazoea hayajengwi wiki ya mwisho.

Jumapili iliyofuata kupata leseni nilivuka na pikapu kwenye feri ya Likoni, kaka yangu akiwa pembeni. Tulipokuwa tukipanda kutoka kivukoni, mkokoteni uliojaa magunia ulisimama mbele yetu katikati ya mwinuko, na umati wa waenda kwa miguu ulikuwa pande zote mbili. Nikavuta breki ya mkono, nikasikiliza injini. Gari halikurudi hata kidogo. Mama alikuwa amekaa barazani Ukunda tangu saa mbili asubuhi akitungoja.

Kuna jambo ambalo shule haikunifunza kabisa, nalo ni kuendesha usiku. Masomo yote yalikuwa ya mchana, kwa hiyo mara ya kwanza nilipokutana na taa kali za lori katika barabara ya Ukunda, sikujua nitazame wapi, na kaka ndiye aliyeniambia nifuate mstari wa ukingo wa kushoto huku nikipunguza kasi. Nimewaandikia ofisini kuwaomba waliingize katika ratiba. Wakati nikingoja, nimeshalipia masomo mawili ya ziada na kijana yuleyule wa Tudor, Jumanne na Alhamisi saa moja usiku, na safari hii tumeandikiana kabla ya malipo: mwanafunzi mmoja garini, dakika 50 kwenye usukani.